Lango la Namba

Yanggu, 11 Machi 2012

Shikamoo Mama,

Najua simu huisikii vizuri, kwa hiyo naandika. Habari za Goheung? Baridi ya huko nadhani imeshawaaga. Huku theluji bado imerundikana nyuma ya kota, upande usiopata jua, na bomba la jikoni liliganda tena juzi.

Mjukuu wako Dabin hajambo. Ameanza darasa la kwanza. Shule nzima ni watoto wa wanajeshi, basi mwalimu akawauliza kila mmoja baba yake ana cheo gani na yuko kikosi gani. Dabin akasimama akasema, "Baba yangu ni sajini. Yuko Daejeon." Mwalimu akadhani Taesik amehamishwa kikazi, akaniambia mlangoni, "Pole, uhamisho huu unachosha familia." Sikumsahihisha, Mama. Na kweli yuko Daejeon, kwenye makaburi ya jeshi, tulikomwacha mimi na wewe Januari. Bado kila gari kubwa likipita hapa nje nashtuka, nadhani ni lile lori lao lililopinduka kwenye barafu.

Kuna jambo dogo. Ofisi ya makazi imebandika tangazo kwenye ngazi. Kuanzia kiangazi, kodi za kota zinabadilishwa. Kila nyumba itakaguliwa na kupewa daraja, na kodi itafuata daraja. Halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo, kuna habari yetu: nyumba isiyo na mwanajeshi anayehudumu italipa kama watu wa mjini. Usijali. Nimekueleza tu ili usije ukasikia kwa wengine.

Kula vizuri, Mama. Usibebe mifuko ya mbolea peke yako.

Mkweo,
Miran

*

Goheung, 20 Aprili 2012

Mama Dabin,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, toka juu mpaka chini, bila kumwita mtu. Miaka sabini na ushei nimeshika magazeti kwa ajili ya kufungia samaki tu, leo nasoma mpaka maneno ya kwenye mfuko wa mbolea. Mwalimu Chae wa darasa letu la ngumbaru anasema mwandiko wangu unatembea kama bata. Nikamwambia, bata naye hufika.

Vitunguu saumu shambani vimesimama vizuri. Paka amezaa kwenye ghala. Mimi mzima.

Sasa hilo jambo lako dogo. Si dogo, wala usinitie asali mdomoni. Wanataka mtoke.

Sikiliza, mwanangu. Usitoke kabla ya tambiko la mwaka. Mimi siwezi kumfanyia Taesik tambiko hapa kwangu, na unajua kwa nini. Mzazi hainami mbele ya meza ya mwanawe. Ndivyo tulivyokuta, hata moyo ukilia namna gani. Meza yake ni yako na ya Dabin, na itaandaliwa mlipo nyinyi. Na mfu wa mwaka mmoja bado ni mgeni huko aliko, njia anayoijua ni ile ya kurudi kwake. Usiku wa tambiko mtaacha mlango wazi, naye atapanda ngazi zile, ataupiga teke mlango wenu wa chuma pale chini unapokwama, kama alivyozoea, aingie ale. Akikuta pamefungwa, pana giza, atakwenda kwa nani?

Akishakula, utamwambia, "Baba Dabin, sasa tunahamia mahali fulani." Atasikia. Hapo hata ukitaka kuhamia mwezini, hamia.

Watu watasema mtoto wa kike hamimini pombe ya tambiko. Waache. Kwetu amebaki mwanamume gani? Hata paka ni jike.

Mama yako,
Jeomrye

*

Yanggu, 17 Juni 2012

Shikamoo Mama,

Saumu ulizotuma zimefika, asante. Nimezining'iniza barazani na jengo zima linanuka Goheung. Dabin ameng'oka jino la mbele, anaficha mdomo akicheka. Ametaka tulipeleke Daejeon. Nimelitia ndani ya bahasha hii, utunzie wewe.

Wakaguzi walikuja. Vijana wawili wenye sare safi na kifaa cha kupima unyevu. Wakakichomeka ukutani chumbani kwetu, kikalia. Wakabandua ile karatasi ya ukuta aliyoibandika Taesik, yenye majani mabichi, na nyuma yake kuvu nyeusi kuanzia sakafuni mpaka dirishani. Mama, yule mume wangu kila masika alikuwa anavua shati, anakwangua kuvu ile, anapaka dawa, anabandika karatasi mpya, huku akiimba vibaya. Aliomba dirisha jipya mara nyingi, akajibiwa kota ni nzuri, asubiri. Mkaguzi mmoja akanitazama kwa huruma, akasema, "Dada, mmeishije humu?"  Tuliishi. Tulicheka humu. Dabin alijifunza kutembea akiushika ukuta huohuo.

Wamebandika karatasi mlangoni: haikidhi kiwango kipya. Nyumba haifai kukaliwa, lakini kodi yake inafaa kupanda. Nimepata kazi kwenye mgahawa wa tofu karibu na stendi, naosha vyombo na kukata figili, kwa hiyo usitume chochote.

Wenzetu wanahamia jengo jipya ng'ambo ya mto. Lina lifti na madirisha ya vioo viwili. Nafurahi kwa ajili yao, kweli, maana watoto wao wamekohoa kama wangu. Lakini siku hizi wananisalimia huku wanatazama viatu. Jana nilikuwa namwaga takataka, nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake, "Wengine wamejikalia kana kwamba kota ni ya baba yao." Nikageuka. Nikasema, "Ndiyo, ni ya baba yake huyu," nikamshika Dabin mkono tukapanda zetu. Nilipofika juu nikalia mpaka mchele ukaungua.

Nitakaa, Mama. Nimekuahidi. Mlango huu ataukuta wazi.

Utakuja sikukuu ya mavuno? Dabin anauliza.

Miran

*

Goheung, 3 Septemba 2012

Mama Dabin,

Mwandiko huu mzuri si wangu, usishtuke. Anaandika Mwalimu Chae, mimi nasema. Mkono wangu umechoka na uvunaji wa saumu.

Umechelewa kunijibu au mimi ndiye niliyechelewa? Basi ni mimi. Mvua zilikuwa nyingi.

Yule uliyemjibu kwenye takataka, safi sana. Ungemwongezea moja kwa niaba yangu.

Nimekutumia bakuli za shaba za mama mkwe wangu, pamoja na vijiko. Zisugue kwa majivu, usitumie sabuni ya dukani. Utamwekea Taesik wali kwenye ile kubwa. Mimi sina kazi nazo, siku hizi kibakuli kimoja cha plastiki kinanitosha. Mitungi ya mchuzi wa soya ningeituma pia, ila Mwalimu Chae anasema posta watanifukuza.

Sikukuu sitaweza kuja. Barabara zitajaa magari, na mimi gari hunitapisha. Nanyi msije. Mtoto atachoka bure.

Mwalimu anataka kuongeza neno lake hapa chini. Nimemkataza, na yeye ni mwenye heshima, hataongeza.

Shikilia hapohapo mpaka tambiko.

Jeomrye

*

Yanggu, 25 Novemba 2012

Shikamoo Mama,

Hatujambo wote. Theluji ya kwanza imeanguka, nyepesi. Kimchi ya mwaka mzima tumeshaitengeneza, mwaka huu kabichi zilikuwa tamu, na Dabin alipaka pilipili mpaka puani. Bakuli za shaba nimezisugua kwa majivu kama ulivyosema, zinang'aa.

Kota ni ileile. Mlango bado unakwama. Kwa habari ya tambiko usiwe na wasiwasi, kila kitu kitakwenda sawa.

Mama, saumu huvunwa Juni. Mkono gani unachoka mpaka Septemba? Sikuulizi kwa kukukosea adabu. Nauliza tu.

Miran

*

Goheung, 12 Desemba 2012

Mama Dabin,

Leo naandika kwa mkono wangu, hata kama bata amelewa.

Ulisahau kwamba siku hizi najua kusoma. Juu ya barua umeandika Yanggu. Muhuri wa posta kwenye bahasha umesema Chuncheon. Nilifikiri labda uliitia kwenye sanduku siku umekwenda mjini. Nikachukua bahasha, nikaitazama nyuma pale unapoandikaga anwani. Hapakuwa na kitu. Wewe ambaye huandika mpaka namba ya ngazi.

Zamani ungenidanganya nami ningekwenda kwa jirani anisomee, naye angesoma Yanggu, tungelala usingizi. Kisomo ni balaa.

Umehama. Mlango wa chuma hauko tena. Nilipojua nilikasirika, sitakuficha. Nilikasirika mpaka nikamrushia paka sandali. Nikakaa siku nzima nikimwona mwanangu amesimama kwenye ngazi na kiatu chake kimoja juu, tayari kupiga teke, na hakuna mlango. Nililia kama siku ile walipotukabidhi ile bendera iliyokunjwa.

Halafu nikakufikiria wewe, unaandika "mlango bado unakwama" ukiwa mbali na mlango huo, ili mimi kizee nipate kulala. Hasira ikaisha. Kwani mimi nimekwambia yangu yote?

Swali lako la saumu nimeliona. Tuliache.

Sasa nijibu haya, na usinipunguzie. Mnakaa wapi hasa? Ghorofa ya ngapi? Nimeona kwenye televisheni nyumba za mijini siku hizi zina lango kubwa la kioo chini, na halina ufunguo, mtu anabonyeza namba. Kwenu liko? Kama liko, niandikie namba hiyo vizuri, kwa herufi kubwa.

Mama yako

*

Chuncheon, 2 Januari 2013

Shikamoo Mama,

Barua yako imenifikia, posta wameihamisha toka Yanggu. Nisamehe. Nimeandika mwanzo wa barua hii nikaichana, nikaandika nikaichana.

Walifunga kota mwanzoni mwa Novemba. Niliomba niachwe mpaka Januari, nikaenda ofisini mara nyingi, nikawaeleza habari ya tambiko. Afisa wa makazi si mtu mbaya. Aliniambia mama yake naye ni mjane, akaniletea kahawa. Akasema angekuwa na uwezo angeniachia, lakini kanuni mpya inakataza watu kulala majira ya baridi kwenye nyumba ya daraja lile, na siku ileile wakaja kufunga tanuri la kupashia moto jengo zima. Tukalala siku chache na makoti. Dabin akaanza kukohoa, nikashindwa kuendelea. Nilichagua kifua cha mtoto, Mama. Nadhani Taesik naye angechagua hicho, lakini sina wa kumuuliza.

Siku ya kuondoka, vitu vilipokwisha kushuka, niliupiga teke ule mlango pale chini. Ukafunguka. Nikaingia nikazunguka vyumba vitupu nikisema kwa sauti, kama mwehu, "Baba Dabin, tunakwenda Chuncheon, baba Dabin, unasikia?" Ukutani palikuwa na kuvu tu. Sijui kama alisikia. Tambiko lilikuwa bado, na wewe ulisema mpaka ale kwanza.

Tuko ghorofa ya tisa, kwenye fleti ndogo nyuma ya hospitali ninayofanyia usafi. Ni pakavu, na Dabin hakohoi tena. Na lango liko, Mama, kama ulivyoona kwenye televisheni. La kioo, linajifunga lenyewe. Nilimwomba mlinzi aniachie wazi usiku wa tambiko. Akaniambia, "Mama, wezi je?" Nikamweleza anayekuja ni nani. Akavua kofia, mzee wa watu, akasema, "Mwenye jengo atanifukuza kazi. Mpe namba mgeni wako."

MBILI, TANO, NANE, SIFURI. Ni mstari wa katikati, unashuka nao toka juu mpaka chini. Halafu lifti iko mkono wa kulia.

Mwalimu Chae alinipigia simu juzi. Alisema amekukosea kwa kunipigia, lakini ameshindwa kuvumilia. Aliyoniambia siyaandiki hapa. Nilikaa chini kwenye korido ya hospitali na ndoo yangu, na wagonjwa wakawa wanapita pembeni. Kumbe unaumwa tangu Mei. Kumbe ulikuwa unaniambia nishikilie, na wewe ulikuwa unaachia.

Tambiko likipita nakuja kukuchukua. Sitaki ubishi. Chumba ni kimoja lakini tutatosha.

Miran

*

Goheung, 21 Januari 2013

Mama Dabin,

Marahaba, mwanangu.

Nimekwenda Daejeon. Usinifokee, imeshapita. Mwalimu Chae alinipeleka kwa gari lake dogo, akasimama kila nilipotaka kutapika, na njiani akawa ananiomba radhi kwa ile simu. Nimemsamehe, lakini nimemwacha aombe mpaka Jeonju.

Makaburi yamefunikwa na theluji, mawe yote yanafanana. Zamani ningezunguka mpaka nigande. Safari hii nilitembea mstari kwa mstari nikisoma majina, majina ya watoto wa watu, Mama Dabin, mengi mno, mpaka nikafika kwa wangu. Gwak Taesik. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nasoma jina la mwanangu kwa macho yangu mwenyewe, na nimelisomea kwenye jiwe.

Sikuinama. Mzazi hainami. Nilikaa tu kwenye theluji kando yake, nikamfuta uso wa jiwe kwa mkono wa koti. Nikamwambia, Taesik, Jumatatu ijayo usiende Yanggu. Kule pamefungwa. Mkeo alikaa mpaka walipomzimia moto, hakukukimbia, usimnunie. Panda basi la Chuncheon. Kuna lango la kioo, ukilipiga teke halitafunguka, na mlinzi ni mzee, utamuua kwa woga. Bonyeza mstari wa katikati, mbili, tano, nane, sifuri. Nikamrudia tena na tena, maana huyo hajawahi kukumbuka hata siku yangu ya kuzaliwa. Nikamwekea na lile jino la Dabin ulilonitumia ndani ya barua, nikalifukia pembeni ya jiwe.

Mwalimu alikuja kuniinua. Nikamwambia ngoja kidogo, mtoto bado anakariri.

Kuja kunichukua, usije. Nimekataa, na mimi nikikataa unanijua. Hapa nina mitungi yangu, paka, na baba yake Taesik aliyelala pale juu ya shamba la saumu, ameniwekea nafasi kando yake siku nyingi. Njoo na Dabin mnitembelee masika, kama nitakuwepo. Njooni hata kama sitakuwepo. Soya ya mtungi wa tatu ndiyo tamu, hiyo mchukue.

Usiku wa tambiko angalia wali usipoe. Dabin amimine pombe kwa mikono miwili. Mlango wa juu uache wazi, na usikae ukiutazama, kwa sababu mtu haingii akitazamwa.

Na mwakani utasugua bakuli mbili. Meza yangu mimi nayo haitaandaliwa kwingine, ni yenu, mlipo nyinyi. Namba nimeikariri na mimi, nilipokuwa namfundisha yeye. Lifti naiogopa, lakini nitamshika mkono.

Kama wataibadilisha namba ya lango, msiniandikie. Njooni mniambie.

Mama yenu,
Jeomrye